Jiwe la Amana

Kwetu ni Makutupora. Katika nchi yetu mna Makutupora mbili, nanyi wasomaji msizichanganye. Moja ni stesheni ya reli ya kati, upande wa Manyoni, na reli mpya itokayo Morogoro ilijengwa mpaka huko. Ya pili ndiyo yetu, kaskazini ya mji wa Dodoma, kiasi cha kilometa 25, katika njia ya kwendea Kondoa. Hapa kwetu pana mashamba ya mizabibu, tena pana visima vikubwa vinavyopeleka maji mjini Dodoma. Majina haya mawili yaliyo sawa yaliniletea huzuni katika utoto wangu. Maana rafiki yangu alihama Makutupora akaenda Makutupora, akaniachia jiwe lake nimtunzie.

Mwishoni mwa mwaka 1997 ilianza kunyesha mvua ambayo wazee wetu walisema hawakuona mfano wake. Wenye elimu waliiita El Niño, nayo iliendelea mpaka miezi ya kwanza ya mwaka 1998. Ugogo ni nchi kavu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, nasi tumezoea kuingojea kama mtu amngojeaye mdeni wake. Mwaka ule mdeni alilipa madeni yote kwa mara moja. Mto wa Kinyasungwe Ndogo ulijaa, nyumba za tembe zilivuja, na makorongo yalichimbika hata mtu mzima akisimama ndani hakuonekana kichwa. Maji mengi yalizama ardhini. Mwaka 2013 wataalamu waliandika juu ya visima vyetu, wakitumia vipimo vya miaka 55. Wakaonyesha kwamba maji yaliyo chini ya Makutupora hupanda hasa katika miaka michache ya mvua kubwa kama ile, wala si kila mwaka.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Mvua ilipokoma na matope kukauka, mimi na rafiki yangu tulikuwa tukichunga mbuzi karibu na makorongo yale. Mawe ambayo hayajaona jua tangu zamani yalikuwa yametokeza kandokando. Mengi yalikuwa itale, maana nchi yetu imejengwa juu ya itale, jiwe gumu lililopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Ukivunja kipande cha itale na kukitazama vizuri, utaona punje za namna tatu. Ziko punje zinazong'aa kama kioo, ndizo kwatzi. Ziko nyeupe au nyekundu kidogo, ndizo feldispa. Tena viko vigamba vyembamba vinavyometameta, ndivyo ulanga. Mahali penye nafasi ndani ya mwamba, kwatzi huweza kukua polepole bila kusongwa, ikawa na pande sita zilizonyoka na ncha kali, kama iliyochongwa na fundi. Jiwe lililokua hivyo huitwa fuwele.

Siku moja tuliona mawe mawili katika ukuta wa korongo, kila moja ukubwa wa ngumi. La kwanza nililiona mimi. Lilikuwa fungu la fuwele za kwatzi, lakini limefunikwa na ganda jeupe la chokaa, na juu yake madoa ya kutu. La pili aliliona rafiki yangu. Kwa nje lilikuwa jiwe baya la chokaa, lakini lilikuwa limepasuka, na ndani yake mlikuwa na shimo lililojaa meno madogo ya rangi ya asali, makali, yenye kung'aa hata katika kivuli. Desturi ya wachungaji ni kwamba aonaye kwanza ndiye mwenye kitu. Basi la kwatzi likawa langu, na la asali likawa lake.

Tuliyapeleka mawe kwa mwalimu wetu wa sayansi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyageuza mkononi muda mrefu, kisha akasema, "Msiyaoshe kwanza. Mgeni hulishwa kwanza, ndipo huulizwa jina. Jiwe ni kinyume cha mgeni. Huulizwa jina kwanza, ndipo hupewa maji."

Tukamwuliza, "Mwalimu, jiwe huulizwaje jina lake?"

Akatuonyesha. Alichukua ukucha, sarafu ya shaba na kisu. Akasema kwamba mwaka 1812 mtaalamu mmoja jina lake Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu wake, tangu 1 mpaka 10. Jasi ni 2, hukwaruzwa kwa ukucha. Kalisaiti, ambayo ndiyo asili ya chokaa, ni 3. Ukucha hauiwezi, lakini kisu huiweza bila shida. Kwatzi ni 7. Kisu hakiiwezi, bali yenyewe hukwaruza kioo. Akaongeza kwamba yako mawe ambayo hayataki maji kabisa. Chumvi ya mawe huyeyuka yote. Ulanga ukilowekwa, maji huingia kati ya kurasa zake na kuzitenganisha. Mwisho akatuambia, "Mkitaka kutumia siki au ndimu, tieni kwanza tone moja mahali pasipoonekana, upande wa nyuma, mkangoje." Neno hili nililisikia kwa masikio yangu mawili, wala siwezi kusema kwamba sikuambiwa.

Wiki ile ile rafiki yangu alileta habari ya kuhama. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, naye alihamishiwa ile Makutupora ya Manyoni. Jioni ya mwisho alikuja nyumbani kwetu na jiwe lake limefungwa katika kitambaa. Akasema, "Garini tutabanana na mizigo, nalo litavunjika meno. Nitunzie mpaka nitakapokuja." Alikuwa ameandika karatasi ndogo kwa mkono wake: jina la korongo, mwezi na mwaka. Nikapokea vyote viwili kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu, na babu yangu alikuwa akitazama.

Baada ya siku chache nilianza kulisafisha jiwe langu. Nilililoweka katika beseni la maji ya kawaida muda wa siku tatu, nikibadili maji kila asubuhi. Udongo ulilainika na kutoka wenyewe. Kisha nilitumia mswaki mkuukuu na sabuni, na penye mianya nilitumia mwiba wa mgunga. Maana mti haukwaruzi kwatzi, wala hauachi alama ya chuma. Hata hivyo ganda la chokaa lilibaki palepale.

Jirani yetu mmoja alikuwa na shamba la zabibu. Alikuwa na divai nyeupe iliyoingiwa na hewa ikachacha, hata imekuwa siki. Akanipa chupa moja. Nikaweka jiwe langu katika chungu, nikalimiminia siki. Mara nikaona vipovu vidogo vingi vikipanda juu ya ganda, nikasikia sauti kama ya kunong'ona. Vipovu vile ni hewa ya kaboni, hewa ile ile tuitoayo puani tunapopumua. Siki inapokutana na chokaa huila, na hewa hiyo hutoka. Kwatzi haidhuriwi na siki. Kwa hiyo kila siku ganda lilipungua na fuwele zikaonekana zaidi. Madoa ya kutu yalikuwa mepesi, nikayapaka maji ya ndimu mara nyingi mpaka yakafifia. Mwisho nililitia katika maji yenye magadi kidogo ili ukali wote ufe, nikaliloweka tena katika maji safi siku kadhaa. Nilipoliweka juu ya kigoda, mama aliacha kupepeta uwele akaja kulitazama. Watoto wa majirani wakaja. Nilijiona fundi.

Hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Nililifungua jiwe la rafiki yangu, nikaona kwamba kando ya meno yale ya asali palikuwa na uchafu mweupe wa chokaa. Nikafikiri moyoni, "Atakaporudi atalikuta linang'aa kupita langu, naye atafurahi." Fikira ile haikuwa mbaya, lakini lile jiwe halikuwa langu, wala sikuliuliza jina. Sikujaribu kwa kisu. Sikutia tone upande wa nyuma. Niliona kazi ile naijua. Jua lilipokuchwa nililitia chunguni, nikamimina siki yote iliyobaki, nikaenda kulala. Nilisikia mnong'ono wa vipovu gizani, nikaupenda, maana nilidhani ni sauti ya uchafu unaokimbia.

Kulipopambazuka nililitoa. Meno yaliyokuwa makali yalikuwa yamekuwa butu kama kipande cha sabuni iliyotumika. Mng'ao wote ulikuwa umetoka. Rangi ya asali ilikuwa imegeuka kuwa kama maziwa yaliyoganda. Meno madogo zaidi hayakuwapo kabisa. Nililigeuza huku na huku, nikaliosha, nikalifuta kwa kanga ya mama, kana kwamba mng'ao ulikuwa umefichwa mahali. Haukuwapo.

Leo naweza kueleza jambo lililotokea. Meno yale yalikuwa fuwele za kalisaiti, na uchafu ule mweupe nao ulikuwa kalisaiti. Walikuwa ndugu wa baba mmoja, na siki haina macho ya kubagua. Hata mvua hufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa taratibu. Maji ya mvua yapitapo katika udongo huchukua hewa ya kaboni, yakawa makali kidogo, yakayeyusha chokaa na kuibeba. Yakisha kufika mahali pa kukaukia huiacha tena. Ndiyo maana birika za nyumba nyingi huota ganda jeupe kwa ndani. Chokaa iliyoachwa polepole sana, mahali penye utulivu, huweza kuwa fuwele. Maji yalifanya kazi kwa muda mrefu, tone kwa tone. Mimi niliibomoa kwa usiku mmoja.

Siku ile sikula. Niliwaza uongo wa namna tatu. Nilifikiri kusema kwamba mwizi aliliiba. Nilifikiri kusema kwamba mbuzi aliangusha chungu. Nilifikiri hata kutafuta jiwe jingine korongoni na kuliweka katika kitambaa kile, pamoja na karatasi ile ile yenye mwandiko wake. Uongo huu wa tatu ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, maana ungeifanya karatasi ya rafiki yangu nayo iseme uongo.

Jioni babu aliniita. Alikuwa ameketi nje akitazama ng'ombe wakiingia zizini. Nikamwamkia, "Mbukwa, babu." Akaitikia, kisha akakaa kimya. Baadaye akasema, "Mjukuu wangu, nyumba nzima inanuka siki, na kitambaa cha yule mwenzako kimelowa. Sikuulizi neno. Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua." Nikalia, nikamweleza yote. Hakunipiga, wala hakuniambia kwamba si kitu. Alisema tu, "Mwandikie kabla hajakuuliza."

Nikaandika barua. Kuiandika kulinichukua siku mbili, ingawa ilikuwa na mistari michache. Nilimwambia kwamba nilitia jiwe lake katika siki bila ruhusa yake, kwamba limeharibika, kwamba mwalimu alinionya, na kwamba jiwe langu la kwatzi ni lake akilitaka. Babu alimpa barua mtu mmoja aliyekuwa akisafiri kwa treni.

Jibu halikuja. Mwezi wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa tatu. Kila nilipolitazama jiwe langu likimetameta kigodani, sikulifurahia. Mwisho nililifunga, nikaliweka pamoja na lile bovu katika kitambaa kimoja.

Katika sikukuu ya Krismasi rafiki yangu alikuja kwa bibi yake. Sikuwa na habari; nilimwona tu amesimama mlangoni petu, amerefuka. Tulisalimiana kwa haya. Nikaleta kitambaa. Akalitazama jiwe lake muda mrefu, akapitisha kidole juu ya meno yale butu. Akasema, "Nilikasirika sana. Niliichana barua yako." Nikasema, "Ni haki yako." Nikamsogezea jiwe la kwatzi. Akalirudisha, akatia mkono mfukoni, akatoa jiwe lililojaa udongo mwekundu. Akasema, "Hili nimeliokota kule Makutupora yetu. Sikuliosha. Nimekungoja."

Tukaenda nalo chini ya mbuyu. Tulijaribu kwa ukucha, tukajaribu kwa kisu. Tukageuza upande wa nyuma, tukatia tone moja la ndimu, tukainama wote wawili kutazama. Hakuna kipovu kilichopanda. Lilikuwa kwatzi, tena ya kawaida kabisa, ambayo hakuna mtu angeinunua. Tulikaa nalo mpaka jioni tukilisugua kwa zamu.

Miaka mingi imepita. Mimi mwenyewe sasa ni mwalimu, na wanafunzi wangu huniletea mawe. Basi na ninyi, mkipenda kuokota mawe, shikeni maneno haya.

Kwanza, jueni jiwe ni nini kabla ya kulisafisha. Anzeni na njia iliyo laini kuliko zote: brashi, kisha maji, kisha sabuni. Siki na ndimu ni za mwisho, tena baada ya tone la kujaribia. Mkijaribu ugumu, kwaruzeni upande wa nyuma tu, msije mkaharibu uso wa fuwele.

Pili, msilitoe jiwe katika maji ya moto na kulitia katika maji ya baridi, wala msilichemshe. Fuwele nyingi zina matone madogo ya maji ndani yake, na joto la ghafula huzipasua. Msianike kila jiwe juani. Amethisto, ambayo ni kwatzi ya rangi ya zambarau, hufifia rangi ikikaa juani muda mrefu.

Tatu, msivunje wala kusugua mawe makavu ndani ya nyumba. Vumbi la kwatzi huingia mapafuni na kuyadhuru, wala halitoki tena. Lowesheni jiwe, kaeni nje, upepo uwe nyuma yenu; na akipiga nyundo mtu, afunike macho yake.

Nne, kutu nzito wataalamu huiondoa kwa tindikali ya oksaliki. Hiyo ni sumu, si kazi ya mtoto. Na kila atumiaye tindikali yapasa ajue kwamba tindikali hutiwa katika maji. Maji hayatiwi katika tindikali kamwe, maana huweza kuruka na kuunguza.

Tano, andikeni mahali jiwe lilipotoka, na siku yake. Jiwe lisilo na karatasi ni kama mtu asiyejua kwao. Katika mlima Mautia, karibu na Kongwa, yalipatikana madini ya rangi ya zambarau ambayo hayakuwa yamejulikana kwa wataalamu. Mwaka 1959 yalielezwa kwa mara ya kwanza, yakaitwa yoderaiti kwa heshima ya mtaalamu Mmarekani, Hatten Yoder. Mlima ule watu walikuwa wakiuona kila siku. Haneti nako kuna mawe ya kijani ambayo rangi yake ni ya nikeli, na Winza, katika Mpwapwa, palijulikana sana mwaka 2008 kwa yakuti nyekundu. Nchi yetu hii kavu ina mengi chini yake.

Sita, kumbukeni kwamba madini ya nchi ni mali ya taifa, na kuchimba na kuuza kuna sheria yake, Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Aokotaye kwa ajili ya kujifunza na aombe ruhusa kwa mwenye shamba, tena asiingie katika mashimo ya wachimbaji.

Neno la mwisho ni juu ya amana. Kitu cha mwenzako ulichopewa ukitunze, usikitengeneze bila kumwuliza, hata ukiwa na nia njema. Na kikiharibika mkononi mwako, mwambie kabla hajauliza.

Jiwe lile la rafiki yangu lipo mpaka leo. Yeye mwenyewe alisema likae kwangu. Liko katika kabati la darasa langu, na meno yake butu, na chini yake ipo karatasi ile ya mwaka 1998 kwa mwandiko wake. Chini ya maneno yake nimeongeza mstari mmoja kwa mwandiko wangu: "Liliharibiwa kwa siki na mtunzaji wake." Kila mwaka yuko mwanafunzi anayeusoma mstari huo akaniuliza mtunzaji alikuwa nani, nami humwambia.